Mzee haumwi popote, kaandikiwa dawa ya kolestro maisha yote. Ni sawa hii?

Mwana wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 61, sukari hana, presha iko vizuri, kila asubuhi anatembea kwa miguu mpaka Segerea na kurudi. Wiki iliyopita tumempeleka kucheki afya, LDL, ile kolestro mbaya inayoziba mishipa, imesoma 5.1, daktari kamwandikia atorvastatin kila siku na tulipouliza mpaka lini akasema hiyo ni ya kuendelea nayo. Sasa mi nauliza, ni sawa kweli mtu asiyeumwa popote afungwe na kidonge maisha yote? Kwa mtazamo wangu tungeanzia jikoni, maana bi mkubwa ni mtu wa pwani, wali nazi, maharage nazi, samaki nazi, hata mchicha nazi, tunamalizwa humo humo ndani. Naomba michango.

Mzaramo Halisi
Biashara hiyo mkuu. Mzungu akitoa dawa ya kupona hapati hela, ya kumeza kila siku ndo ina hela. Mzee apewe kitunguu swaumu na limao, mambo yaishe. Halafu hizo dawa zinakula nyama za miguu, mjomba wangu katumia wiki 2 tu mapaja yakawa yanauma kupanda ngazi shida, kaacha yuko fresh mpaka leo.

Binti Chumbageni
Mleta mada hapo kwa bi mkubwa umeteleza vibaya. Mama kakukuza na nazi hiyo hiyo mpaka umeota ndevu leo ndo anawamaliza? Nazi haina kolestro hata tone, kolestro iko kwa mnyama. Bibi yangu Tanga kaondoka na miaka 90 na ushee na mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa kama kiti chake. Nyie wa chipsi kuku, mafuta yamekaangiwa tangu juzi mpaka yamekuwa kama oili chafu, mbona hamjitaji?

Kutoka Bara
Watu wa pwani nazi ikiguswa mnakuwa kama mmetukaniwa mzazi.

Binti Chumbageni
Na samli ya kwenu ni maji? Tuanzie hapo.

Mfamasia Buguruni
Naomba nirudi kwenye swali la huyu ndugu maana naona tunaelekea sokoni. Mimi nipo kwenye duka la dawa mwaka wa 11 sasa na swali hili nakutana nalo karibu kila siku. Kolesteroli sehemu kubwa haitoki kwenye sahani, ini lenyewe ndo linaitengeneza, na mwili unaihitaji. Hizi statini, yaani kundi la dawa la hiyo atorvastatin ya mzee, zinazuia kimeng'enya kimoja ambacho ini linakitumia kwenye kazi hiyo, ini likijiona limepungukiwa linaongeza vipokezi vya kuivuta LDL kutoka kwenye damu, ndo maana kipimo kinashuka. Ukiacha, baada ya wiki chache inarudi ilikokuwa. Kwa hiyo mliambiwa ya kuendelea nayo si kwamba mnafungwa kamba, ni kwamba haiponyeshi, inashikilia.

Na Mzaramo, aliyeanzisha hii kitu wala si mzungu, ni Mjapani, Akira Endo, miaka ya 70 mwanzoni, alipima maelfu ya kuvu mpaka akapata moja inayozuia hicho kimeng'enya, ukungu kabisa, ndugu wa ule wa penisilini. Dawa ya kwanza ya aina hii iliruhusiwa Marekani 1987.

Mzaramo Halisi
Mjapani, mzungu, hela inaenda kule kule. Hujajibu kuhusu mjomba.

Mfamasia Buguruni
Najibu. Maumivu ya misuli yapo na yameandikwa kwenye karatasi ya dawa. Ila kuna utafiti Uingereza 2020, walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maumivu kama ya mjomba, wakawapa chupa, miezi mingine ina dawa, miezi mingine vidonge visivyo na dawa yoyote ndani, mingine chupa tupu, na wao hawajui kipi ni kipi kati ya vidonge. Karibu asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye dawa waliupata pia kwenye vidonge visivyo na kitu.

Mzaramo Halisi
Kwa hiyo mjomba wangu muongo? Mzee wa watu kafanya kazi bandarini miaka 30 anabeba mizigo leo aje azushe maumivu ya mapaja kwa sababu ya kidonge? Heshima kidogo ndugu.

Mfamasia Buguruni
Sijasema muongo na kama imesikika hivyo naomba radhi. Maumivu aliyasikia kweli, hata wale 60 waliyasikia kweli. Ninachosema asingeacha kimya kimya, angerudi, kuna kupunguza dozi, kuna kubadilisha aina, kuna ezetimibe ambayo inafanya kazi kwenye utumbo na si ini. Na kuna hatari ya kweli hata kama ni nadra, misuli kuvunjika, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi, ukiona hivyo huulizi mtu unawahi hospitali. Statini moja, cerivastatin, iliondolewa sokoni 2001 kwa ajili hiyo hiyo, hatufichi. Na mtu anayetumia ARV zenye ritonavir au atazanavir asijichanganyie simvastatin ya kununua tu dirishani.

Kutoka Bara
Tuachane na mjomba. Nazi je? Binti kasema haina kolestro, ni kweli?

Mfamasia Buguruni
Ni kweli haina. Ila ina mafuta yale mazito yanayoganda, na hayo yanapandisha LDL hata kama chakula chenyewe hakina kolesteroli. Samli vilevile.

Binti Chumbageni
Sasa hapo umenipa haki au umeninyang'anya?

Mama wa Sinza
Wanangu mnacheka na mi nimesoma uzi wote kimya. Mume wangu alikuwa haumwi popote pia. Ana presha, akapewa dawa ya presha na hiyo ya kolestro. Mwaka juzi kapata kiharusi, mkono wa kulia mpaka leo anashika kikombe kwa mikono miwili. Siku natafuta kadi yake ya kliniki nafungua droo nakuta karatasi za vidonge, za presha zote zimetobolewa, za kolestro ziko vilevile kumi kumi, hata moja haijaguswa. Namuuliza baba fulani vipi, anasema ile ya presha nikiacha kichwa kinauma, hii nyingine sikuona inafanya nini. Hilo neno silisahau. Muulize mzee wako anazimeza kweli?

Mwana wa Tabata
Pole sana mama. Mzee anazo, ila nitaangalia karatasi leo leo.

Mfamasia Buguruni
Na wewe mleta mada umepima? 5.1 kwa mtu mwembamba anayetembea hivyo inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo. Watu kama 1 kati ya 250 wanayo na kila mtoto ana nusu ya nafasi ya kuirithi. Ingekuwa 3.6 tungekaa tukapiga hesabu ya umri, sigara, sukari, presha, labda tungeanza na chakula tu kwanza. Kuanzia 4.9 hata miongozo ya Marekani inasema anza dawa, hakuna hesabu.

Mwana wa Tabata
Mi nina miaka 32 mkuu, nacheza mpira kila Jumapili. Uzi unamhusu mzee.

Mfamasia Buguruni
Mzee naye alikuwa anatembea mpaka Segerea.

Mzaramo Halisi
Hapo umemkamata. Dogo kapime.

Mwana wa Tabata
Nimeangalia. Karatasi ya vidonge 10, vimetoka 5. Mzee anasema Jumamosi na Jumapili anapumzisha ini. Bi mkubwa kasikia namuuliza, sasa hivi yuko jikoni hataki kuongea na mtu, nahisi kasoma hapa.

Binti Chumbageni
Nenda kamuombe mama radhi kwanza. Na mfamasia, mi bado sijajibiwa, tui la pili nalo lina mafuta hayo au ni la kwanza tu?