Wakuu, MIG ya gesi au isiyotumia gesi kwa bomba za mraba nyembamba?

kijana_wa_chuma:
Habari zenu wakuu. Mimi nachomelea kwa stiki (ile ya vijiti vya elektrodi), mageti, grili, fremu za vitanda na meza, mkono uko vizuri tu, shida ni chuma chembamba, ile bomba ya mraba ya 1.2 mm ukizubaa kidogo ishatoboka unabaki kuziba matundu badala ya kufanya kazi. Sasa nataka nivute MIG, ile mashine inayosukuma waya yenyewe, ila nimeangalia mashine nimechanganyikiwa, moja 200A (ampia), nyingine 250A, hii inatumia gesi, ile haitumii, ile nyingine zote mbili. Kazi zangu nyingi ni 1.2 mpaka 3 mm, mara mojamoja 5 mm, nusu karakana nusu saiti huko nje upepo unapuliza. Umeme wangu fezi moja. Niangalie nini kabla sijatoa hela? Na kuna jamaa nimejaribu ya kwake inatema cheche balaa, waya unasukuma mkono kabisa, ndo zilivyo zote au?

mzee_wa_ampia:
Mkuu hiyo namba kubwa iliyochorwa ubavuni isikutishe. Tafuta kile kibandiko chenye jedwali, kuna mstari wa asilimia, ndio unaokwambia mashine inafanya kazi muda gani ndani ya dakika 10 kabla haijajizima kwa joto. Imeandikwa 200A kwa 20% maana yake ukiipeleka 200 unachoma dakika 2 halafu unaisubiri 8. Wewe angalia ile ya 60% inakupa ampia ngapi, maana hapo ndipo utakapoishi kila siku. Na soma pia wamepima kwenye joto gani, wanaofuata kiwango cha kimataifa cha IEC wanapima kwenye nyuzi 40, mwingine anapima kwenye ubaridi ili namba zipendeze.

Kwa hesabu za haraka weka kama ampia 40 kwa kila milimita ya unene. 3 mm ni kama 120, kwa hiyo mashine ya 200 ya kweli inakutosha na inabaki, hata hiyo 5 mm ukiandaa kingo vizuri. Ya 250 kwenye fezi moja ujue tu inavuta umeme mwingi, kama waya za nyumba ni nyembamba utabaki kuwasha breka kutwa nzima.

Kuhusu ya jamaa yako nina wasiwasi na kitu kimoja. Waya mtupu wa gesi unataka bunduki (kile kishikio kinachotoa waya) iwe kwenye chanya na klampu inayobana chuma iwe kwenye hasi. Waya wenye dawa ndani, ule usiotaka gesi, nyingi ni kinyume chake, bunduki kwenye hasi. Watu wanabadilisha roli ya waya wanasahau kugeuza hizo nyaya, halafu wanalaumu mashine. Usinunue isiyokuruhusu kugeuza.

moshi_mweupe:
Mi naona swali la kwanza siyo ampia ni wapi unafanyia kazi. Ndani karakana chukua gesi bila kufikiria mara mbili, kwa 1.2 mm weka waya wa 0.6 au 0.8, mshono unatoka safi hakuna ganda la kugonga. Mchanganyiko wa agoni na CO2 (CO2 ikiwa kama 20 au 25%) unatulia sana, CO2 tupu inazama vizuri na ni rahisi kupatikana ila inarusha cheche zaidi, kwa mageti wala haina shida. Regyuleta ya mtungi weka lita 10 mpaka 15 kwa dakika. Kuna watu wakiona matundu kwenye mshono wanafungua gesi mpaka 25, 30, kumbe ikitoka kwa nguvu inavuruga inaingiza hewa, matundu yanaongezeka.

Nje kwenye upepo gesi inapeperushwa tu. Hapo watu watakwambia waya wa dawa, sawa unafanya kazi, ila una moshi, una ganda, na kwenye chuma chembamba siyo rafiki hivyo. Ushauri wangu tafuta MIG ya inveta (zile nyepesi za kielektroniki) ambayo pia inapiga stiki, nyingi zinayo, saiti endelea na stiki yako uliyoizoea, karakana piga MIG. Kubeba mtungi kila saiti ni mateso ya bure.

sauti_ya_waya:
Naongeza kwenye waya kusukuma mkono. Kwenye MIG kasi ya waya ndiyo ampia, volti ndiyo urefu wa moto. Waya ukigonga chuma na kukusukuma, kasi ni kubwa kuliko volti, punguza waya au panda volti. Ukiungua unarudi mpaka unaganda kwenye tipu (ile ncha ya shaba waya unapotokea), kinyume chake. Ikikaa sawa inatoa sauti ya kukaanga mfululizo isiyokatika, mi huwa nasikiliza kuliko kuangalia namba.

Kama haitulii hata ufanyeje angalia tipu imepanuka, laina (mrija unaopitisha waya) imejaa vumbi, rola inayosukuma waya siyo ya saizi ya waya wako (waya mtupu mfereji wa V, wa dawa rola yenye meno), au klampu umeibana juu ya rangi. Hilo la klampu dah, nusu ya mashine zinazoitwa mbovu ni hapo. Waya uachie kama 10 mm kutoka kwenye tipu, bunduki isukume mbele, ukiwa na waya wa dawa vuta. Na bomba nyembamba usikimbize mstari mrefu, piga vipande vifupi ukiruka huku na huku, vinginevyo geti litapinda.

kijana_wa_chuma:
Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga. Mawili ya mwisho, zile za kujipanga zenyewe unaweka unene tu zina maana? Na bomba za mabati ya zinki je?

mzee_wa_ampia:
Za kujipanga ni nzuri kuanzia, ila hakikisha unaweza kurekebisha volti kidogo kwa mkono, maana yeye hajui kama unachoma kona au kiungo cha bapa. Zinki saga itoke pande zote za kiungo kabla ya kuchoma, ule moshi mweupe ukiuvuta jioni unatetemeka na homa, na mshono wenyewe unajaa matundu. Ndani ya bomba huwezi kusaga kwa hiyo kaa upande upepo unakotoka, vaa barakoa ya moshi wa chuma, siyo kitambaa. Na ukisafisha grisi usitumie zile dawa za breki zenye klorini, moto wa MIG unazigeuza kuwa fosijini, gesi ya sumu, hiyo inaua.

moshi_mweupe:
Na alumini kama itakujia kichwani, iache kwanza. Inataka agoni tupu, laina ya teflon na rola za mfereji wa U, ni mashine nyingine kabisa ndani ya mashine ileile.