Dumu la oili la Dada Mwana

*Wajukuu wa Bibi Saada 🌴*
Jumamosi

*Mwanahawa:* Assalam alaykum. Shikamooni wakubwa wote. Niko dukani Gerezani hapa Dar, leo namwaga oili ya Toyota Spacio yangu na muuzaji ananitolea macho

*Mwanahawa:* [picha] Dumu la kushoto 20W-50 ya kawaida. La katikati 10W-40 nusu sintetiki. La kulia 5W-30 sintetiki kamili, bei karibu mara mbili ya la kwanza. Fundi kanituma la kushoto, anasema gari zee haliwezi sintetiki

*Mjomba Hamisi:* Marahaba mwanangu. Fundi kasema kweli. Injini ikizeeka inalegea ndani, inataka oili nzito. Peugeot 504 yangu Tanga–Lushoto miaka 11, 20W-50 tu, haijanilaza njiani hata siku moja

*Neema:* Anko ilitulaza Mombo, tulikuwa ndani wanne 😂

*Mjomba Hamisi:* Ile ilikuwa rejeta

*Idrisa:* Shikamoo Anko. Dada Mwana usilipe kwanza. Mikono ina grisi, natuma sauti

*Idrisa:* [ujumbe wa sauti, 1:12]

*Shangazi Tatu:* Jamani mimi niko foleni ya hospitali, sauti siwezi kufungulia hapa. Andikeni kama watu

*Idrisa:* Haya Shangazi, nimenawa. Nilikuwa nasema hivi. Spacio yako ya 2003 ina injini ya 1NZ, ndugu moja na ya Raum na Premio za 1.5. Toyota waliitengeneza kwa 5W-30. Njia zake za oili ni nyembamba, halafu juu kuna VVT-i, mtambo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na ile inasukumwa na presha ya oili. Inapita kwenye valvu yenye chujio dogo halizidi ncha ya kidole. Ukiipa nzito, asubuhi inachelewa kufika juu

*Idrisa:* 504 ni mashine nyingine Anko, imeanza kutoka kiwandani 1968, ilichorwa kwa oili za wakati ule. Spacio imechoka tu, haijawa ya zamani namna hiyo

*Mwanahawa:* Ndiyo ule mlio wa ka-ka-ka nikiwasha alfajiri??

*Idrisa:* Unakaa muda gani?

*Mwanahawa:* Nikimaliza kufunga mkanda umeshaacha

*Idrisa:* Basi kuna uwezekano mkubwa ni oili inapanda polepole. Mara ya mwisho alikuwekea ipi?

*Mwanahawa:* Hiyo hiyo ya kushoto 🙈

*Khalfan:* Salaam kutoka Muscat. Huku kiangazi joto linavuka 40 na Corolla yangu, 1NZ pia, nawekewa 5W-30. Watu wanasema nchi ya joto oili nzito. Injini ikishachemka, thamostati inashikilia maji yake kwenye 80 mpaka 90, uwe Muscat uwe Njombe

*Mjomba Hamisi:* Muscat barabara zenu kama meza. Njoo na hiyo Corolla Mlalo

*Mwanahawa:* Mimi mwalimu wa Kiswahili, nielezeni kama mwanafunzi. Hiyo 5 ndiyo unene au 30 ndiyo unene?

*Idrisa:* 30 ni unene wake ikiwa ya moto, wanaupima kwenye nyuzi 100. 5W ni jinsi inavyotiririka kwenye baridi kali, W ni winta. Sasa Dar hatuna winta, lakini hata kwenye nyuzi 40, ambalo ni joto la mchana tu juani, 20W-50 inakuwa nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Fikiria samli ya alfajiri na samli iliyokaa karibu na jiko

*Mwanahawa:* Hapo nimekuelewa kuliko fundi wangu wa miaka mitatu

*Shangazi Tatu:* Mkimaliza samli zenu niwakumbushe mchango wa arusi ya Rahma. Waliotoa ni saba. SABA

*Neema:* 🏃🏾‍♀️🏃🏾‍♀️

*Idrisa:* Dada Mwana kabla ya dumu kuna maswali. Mita inasoma ngapi? Inakula oili? Moshi unatoka?

*Mwanahawa:* 187,000. Kwa miezi miwili naongeza kama lita moja. Moshi asubuhi tu, kidogo, kama wa bluu, ukishatoka getini huuoni tena. Na chini kwenye sakafu kuna doa

*Idrisa:* Moshi wa kuwasha tu kisha unakata, hizo mara nyingi ni valvu sili, mpira umekauka, oili inachirizika usiku kucha. Zingekuwa ringi za pistoni ungeuona njiani ukikanyaga mafuta, na watu nyuma wangekupigia honi. Kabla hujashusha chochote mwambie atoe PCV aitikise. Ni kivalvu cha kupumulia injini, bei ya sahani ya biriani. Ikisikika inacheza ndani ni nzima, ikikaa kimya imeziba, na ikiziba gari inakunywa oili hata ingekuwa mpya

*Mjomba Hamisi:* Sasa hapo wewe mwenyewe umekubali inakula oili. Dawa ya kula oili ni nzito. Na sintetiki inavujisha sili, hilo kila dereva anajua

*Idrisa:* Anko hilo lilikuwa na ukweli wake. Sintetiki za mwanzo, miaka ya sabini, baadhi zilikuwa zinasinyaza mipira ya sili. Wakarekebisha, siku hizi zina dawa ya kuilainisha. Ninachokutana nacho gereji ni kwamba sili ilishakufa zamani, matope ya oili chafu yakawa yameziba ufa. Oili mpya inasafisha, ufa unabaki wazi, lawama inakwenda kwa dumu

*Idrisa:* Dada Mwana, doa liko usawa wa wapi?

*Mwanahawa:* Mbele, upande wa abiria. Na juu ya injini pembeni pamelowa vumbi limeganda

*Idrisa:* Gasketi ya tapeti kava hiyo, ule mfuniko wa juu wa injini. Badilisha leo leo. Inawezekana nusu ya lita yako inaishia hapo, na sisi tunagombana kuhusu namba

*Neema:* Mimi wa hesabu naomba nafasi. Tofauti ya kushoto na kulia ni sh ngapi?

*Mwanahawa:* 55,000

*Neema:* Unamwaga kila kilomita 5,000? Basi ni shilingi 11 kwa kilomita. Mbagala kwenda kazini na kurudi umeacha hela ya karanga. Injini ya 1NZ kutoka kwa wale wauza injini hapo hapo Gerezani niambie wewe

*Mwanahawa:* Sitaki hata kuuliza

*Khalfan:* Lakini pia neno sintetiki lisiwapofushe. Marekani kampuni ya oili ya Mobil walilalamika kuwa wenzao Castrol wanaita sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana, badala ya kuundwa kikemia. 1999 Castrol wakashinda. Tangu hapo nyingi zinazoandikwa hivyo ni za namna hiyo, na si mbaya. Tazameni nyuma ya dumu

*Idrisa:* Ndiyo, geuza dumu. Tafuta API, ndiyo alama ya daraja la oili. Ikiwa SN au SP chukua, SP ni ya 2020. Ikiwa imeandikwa SF au SG rudisha, hizo ni za miaka ya themanini. Ikianza na C peke yake, ya dizeli hiyo

*Mwanahawa:* [picha] La kulia SP. La kushoto SF!!! 😳

*Neema:* Fundi kakutuma oili ya enzi za mkaa

*Idrisa:* Na kitabu cha gari unacho? Kile kilichokuja nacho

*Mwanahawa:* Cha Kijapani, kiko kwenye dashibodi, kinashikilia miwani

*Idrisa:* Namba hazina lugha. Tafuta 5W-30 na 3.7

*Mwanahawa:* [picha] Astaghfirullah. Vyote vipo. Hiyo 3.7 ni nini

*Idrisa:* Lita, pamoja na filta. Kwa hiyo dumu la lita 4 linabaki robo na kidogo. Usikubali alimalize lote ndani "lisiharibike". Oili ikizidi alama ya juu inapigwa inakuwa povu. Filta chukua orijino, namba inaanza na 90915

*Mjomba Hamisi:* Kwa hiyo za kati 10W-40 hamzitaki

*Idrisa:* Si mbaya Anko. Angekuwa ameshabana uvujaji wote na bado inakula, ningemshusha huko kama hatua ya pili. Kuanzia nayo ni kama kumpa mgonjwa sindano kabla ya kumpima

*Mwanahawa:* Nimelipa la kulia. Fundi kanipigia, anasema basi aoshe injini kwa dizeli kwanza, uchafu utoke

*Idrisa:* HAPANA

*Idrisa:* Mwambie Idrisa wa Ilala amekataa. Dizeli haina ulainisho wa kutosha, na matope ya miaka yote yakibanduka kwa mpigo yanakwenda kuziba chujio la sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Weka hii, endesha kilomita 3,000, mwaga tena pamoja na filta. Itasafisha taratibu yenyewe. Pima oili kwa kijiti kila Ijumaa, gari ikiwa imepoa na iko tambarare

*Shangazi Tatu:* Mimi daktari wangu hajanieleza vizuri hivi

*Mwanahawa:* 😂😂 Pole Shangazi. Umeonwa?

*Shangazi Tatu:* Bado namba 14

...

*Mwanahawa:* Nimerudi nyumbani. Tapeti kava imefungwa gasketi mpya, PCV ilikuwa kimya kama maiti, kaweka nyingine. Fundi kaomba dumu tupu nimwachie

*Idrisa:* Ulimwachia??

*Mwanahawa:* Nililitoboa kwa bisibisi mbele yake. Kanuna

*Idrisa:* Safi. Dumu zima lenye lebo safi Kariakoo linapata mteja kabla ya magharibi, na Jumatatu linauzwa limejaa oili feki

Jumapili

*Mwanahawa:* Alfajiri nimewasha. Ka-ka kamesikika mara moja kakakata. Moshi upo bado kidogo

*Idrisa:* Moshi utakuwepo, valvu sili hatujazigusa. Tuone kijiti Ijumaa

*Neema:* Nimetuma mchango Shangazi, tafadhali niondoe kwenye orodha ya aibu

*Shangazi Tatu:* Nimeuona. Wanane

*Mjomba Hamisi:* Idrisa hebu, hiyo 5W-30 Noah yangu inaweza kutumia?

*Idrisa:* Inategemea injini Anko, tazama kitabu. Mara ya mwisho uliimwaga lini?

_Mjomba Hamisi amefuta ujumbe huu_