Ohio State husajili vizuri kuliko Michigan karibu kila mwaka: mbona uwanjani mambo hayafuati orodha?

Baharia_614:
Wakuu, salaam. Naomba waliobobea kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani. Hawa watani wa jadi, Ohio State na Michigan, ukitazama orodha za usajili Ohio State wako juu karibu kila mwaka. Kundi lao la vijana waliosajiliwa 2021 lilikuwa la pili nchi nzima, nyuma ya Alabama tu. Lakini Michigan iliwafunga mara nne mfululizo: 42-27 mwaka 2021, 45-23 mwaka 2022, 30-24 mwaka 2023 na 13-10 mwaka 2024. Sasa zile namba zinapima nini hasa? Na mtu akitaka kulinganisha timu mbili hasimu kwa haki, ahesabu nini?

Kipanga:
Mkuu, anza na namna alama zinavyopatikana. Tovuti ya 247Sports huchanganya tathmini za kampuni kadhaa za wasaka vipaji, kila kijana akapewa namba isiyozidi 1.0000. Kuanzia karibu 0.983 ni nyota tano, na hao ni kama thelathini hivi tu kwa mwaka, nchi nzima. Kuanzia karibu 0.89 ni nyota nne.

Alama za timu hazijumlishwi kama bili ya dukani. Wachezaji hupangwa kutoka aliye bora hadi wa mwisho. Wa kwanza huhesabiwa karibu alama zake zote, kila anayefuata hukatwa zaidi, na ukifika wa ishirini na kitu mchango wake umebaki kidogo sana. Kidogo, lakini bado ni kitu. Ndiyo maana timu iliyosaini vijana 28 inaweza kuipita iliyosaini 18 wenye ubora zaidi. Kwa watani wa jadi, tazama kwanza wastani wa kila mchezaji, nafasi kwenye orodha ije baadaye.

Kipimo cha pili ni kile alichokipa umaarufu mwandishi Bud Elliott. Chukua makundi manne ya mwisho, hesabu waliosaini wakiwa na nyota nne au tano, gawanya kwa wote waliosaini. Kizingiti ni 50%. Msimu wa 2023 Michigan walikuwa juu kidogo ya nusu, Ohio State walikuwa juu ya 80%, na aliyetwaa ubingwa wa taifa ni Michigan, kwa kuifunga Washington 34-13. Ukishavuka kizingiti unayo malighafi ya kugombea kombe. Pengo linalobaki kati yako na mtani wako hukwambia machache kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu halisemi hizo nyota zimekaa nafasi gani.

Ukuta_wa_Mbele:
Hapo kwenye nafasi ndipo penyewe. Ohio State wamekuwa kiwanda cha wapokeaji wa pasi. Kuanzia 2022 hadi 2025 hakuna mwaka ambao raundi ya kwanza ya uchaguzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa, haikuchukua mpokeaji wao: Garrett Wilson na Chris Olave, kisha Jaxon Smith-Njigba, kisha Marvin Harrison Jr., kisha Emeka Egbuka. Nyota za namna hiyo hupandisha wastani haraka.

Michigan waliwekeza kwa wale watano wanaomkinga kwotabeki (mrusha pasi), na kwa wazito wa katikati upande wa ulinzi. Tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa mstari bora wa mbele wa ushambuliaji, waliitwaa 2021 na wakairudia 2022. Matunda yake yalionekana kwa watani: 2021 Hassan Haskins alikimbia yadi 169 na kufunga tachidauni tano, 2022 Donovan Edwards alikimbia yadi 216. Mwaka 2024 kazi ikafanywa na ulinzi. Mason Graham na Kenneth Grant, wote wa kundi la 2022 na hakuna kati yao aliyeingia chuo akiwa na nyota tano, waliwabana Ohio State wakapata yadi 77 tu za kukimbia. Miezi mitano baadaye wote wawili wakachaguliwa raundi ya kwanza, Graham wa 5 na Grant wa 13.

Sababu ni ya kimaumbile. Mpokeaji wa miaka 18 mwenye kasi unamwona kwa macho, kasi yake haitabadilika sana. Kijana wa mstari wa mbele ataongeza kilo nyingi akiwa chuoni, atajifunza kutumia mikono na miguu upya, na huwa tayari mwaka wa tatu au wa nne. Wasaka vipaji hukosea zaidi hapo kuliko kwingine. Kwa hiyo ukilinganisha watani, tenga mstari wa mbele pande zote mbili, uhesabu walio mwaka wa tatu na kuendelea. Hesabu hiyo peke yake ina uzito kuliko orodha nzima.

Kipanga:
Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila 2024 usiwasahau majeruhi. Josh Simmons, mlinzi wa kushoto wa kwotabeki, aliumia Oktoba kwenye mechi ya Oregon. Seth McLaughlin, wa katikati, akaumia Novemba. Ohio State waliwakabili akina Graham wakiwa na mstari uliounganishwa upya. Na timu hiyohiyo ilikuja kutwaa ubingwa Januari 2025 kwa kuifunga Notre Dame 34-23. Mechi moja ya watani isikufanye uone usajili wao ni mbovu.

Mama_Zawadi:
Ndugu zangu, mmeruka wanaoondoka, na siku hizi ndio wanaovuruga hesabu kuliko wote. Alama za kundi hazipunguzwi kijana akihama. Quinn Ewers, kwotabeki mwenye alama kamili 1.0000, aliingia Ohio State Agosti 2021, Desemba akaenda Texas bila kurusha pasi hata moja. Texas A&M ndio mfano mchungu zaidi: kundi lao la 2022 lilikuwa la kwanza nchi nzima, timu ikamaliza msimu huo kwa ushindi 5 na vipigo 7, kisha Walter Nolen akaenda Ole Miss, Evan Stewart Oregon, LT Overton Alabama. Mwaka 2024 watani wao Texas wakawafunga 17-7 nyumbani kwao.

Upande wa kuingia ni hivyohivyo. Ohio State iliyotwaa ubingwa ilimpata Will Howard kutoka Kansas State, Quinshon Judkins kutoka Ole Miss, Caleb Downs na huyo McLaughlin kutoka Alabama. Kipimo cha nyota cha makundi manne hakiwahesabu hata mmoja wao.

Fedha nazo. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao, na mkurugenzi wa michezo wa Ohio State, Ross Bjork, alisema kikosi cha 2024 kiligharimu karibu dola milioni 20. Baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano Juni 2025, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja: hadi dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo kwa mwaka wa 2025-26. Kikosi cha futiboli kisizidi 105.

Baharia_614:
Asanteni sana. Na ahadi za mdomo? Orodha hubadilika hata mwezi wa mwisho.

Mama_Zawadi:
Ahadi ya mdomo haimfungi kijana wala chuo. Bryce Underwood, kwotabeki aliyeongoza orodha ya 2025, aliahidi kwenda LSU Januari 2024. Novemba 21 mwaka huohuo akageukia Michigan, na kwao Belleville ni jirani kabisa na Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan. Kijana mmoja kama huyo anabadilisha wastani wa kundi zima, kwa hiyo orodha ya Juni au Septemba isikupe presha.

Kusaini kwa mapema ni siku tatu za mwanzoni mwa Desemba, na sehemu kubwa ya kundi humalizwa hapo. Februari hubaki wachache. Dirisha la uhamisho sasa ni moja, na kwa 2026 liliwekwa Januari 2 hadi 16, lile la majira ya kuchipua likafutwa. Subiri lifungwe, na wiki moja zaidi, maana aliyejiandikisha ndani ya muda anaweza kuchagua chuo baadaye. Kisha chukua makundi manne ya kila timu, futa walioondoka, ongeza waliohamia, tenga wa mstari wa mbele kama alivyosema Ukuta. Uweke Ohio State na Michigan kwenye karatasi moja hapo, mwishoni mwa Januari.