Pauni 80 nimelipa, halafu naambiwa DAMU IMEPOA!

BabaMbili_Barking:
Wakuu, leo sisalimii mtu.

Yule fundi wetu mnamjua. Simtaji. Yule wa gari jeupe, anayegawa kadi zake kwenye kila msiba kabla hata pilau halijaiva. Huyo huyo.

Wiki ya 2 sasa hapa Barking, London, boila yangu ya kombi, ile mashine ya gesi inayopasha maji ya bomba na rejeta za kutia joto nyumba, imenigeuka. Rejeta za ukutani zinachoma mpaka paka kahama sebule. Lakini bafuni, maji yanakuja ya moto kwa muda wa kusema amina, kisha yanageuka kama yametoka mochwari, kisha yanarudi moto ukishaanza kuona marehemu wa ukoo wenu. Jumapili nimetoka na povu kichwani, nikaliondoa kwa maji ya birika.

Nikamuita. Aliahidi saa 2, kaja saa 5. Boksi la vifaa hakulifungua. Kafungua bomba la jikoni, kachomeka kidole KIMOJA, kafumba macho kama mganga, halafu mbele ya mke wangu, na mbele ya mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Njombe, akasema:

"Kaka, haya maji yana moto. Wewe damu yako imepoa."

Damu. Yangu. Imepoa.

Mama mkwe kanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, akamgeukia binti yake kwa huruma. Mimi nimezaliwa Makete! Nimeoga maji ya mto alfajiri ya Julai, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu! Leo mtu wa Tandika aniambie habari za damu?

Halafu: "Ni 80 kaka, ya kuja tu." Nikalipa. Ndiyo nimelipa, msinianze.

Damu imepoa, wakuu. Mbele ya mkwe.

Ngoja_Waje:
Nimekaa pale. Uzi bila picha ya soksi haujakamilika.

Shangazi_wa_Leicester:
Pole mwanangu. Ila mkeo anasemaje kuhusu hiyo damu?

BabaMbili_Barking:
Shangazi, na wewe?

KijanaWaTemeke:
Umeangalia mita ya gesi ina hela? Mjomba wangu alitukana mafundi 3, kumbe salio limekwisha.

BabaMbili_Barking:
Rejeta zinachoma, nimeandika! Watu hamsomi.

Spana_Namba10:
Tuache damu kidogo. Kombi haina tangi, inachemsha maji pale unapofungua bomba. Ndani kuna vali inayogeuza moto: ama uende kwenye rejeta, ama kwenye maji ya bomba. Fanya hivi: zima rejeta kabisa, subiri zipoe, fungua bomba la moto. Bomba la kwenda kwenye rejeta likipata joto, vali imekwama, kama trafiki anayeruhusu upande wa shemeji yake tu.

Ila hiyo ya moto-baridi-moto inanifanya nishuku chokaa. Maji ya London ni magumu, angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Ukoko huo ukiziba yale mabamba ya kupashia maji, joto linakosa pa kwenda, boila inajizima isiungue, inapoa, inawaka tena. Wewe unacheza sindimba bafuni.

Na punguza kasi ya bomba. Boila ya kilowati 24 inaongeza kama nyuzi 35 kwenye lita 10 kwa dakika. Maji ya kuingia yakiwa nyuzi 5 kipindi hiki, piga hesabu. Presha ya boila iwe kati ya bar 1 na 1.5 ikiwa imepoa. Kifuniko usifungue, kazi ya gesi ni ya mwenye kitambulisho cha Gas Safe, ile orodha ya mafundi wa gesi wanaoruhusiwa Uingereza. Ulimwomba akuonyeshe? Nyuma yake pameandikwa kazi anazoruhusiwa.

BabaMbili_Barking:
Kadi aliyonipa nyuma ina picha ya keki. Mkewe anapika keki.

KijanaWaTemeke:
😂😂😂 Umelipa 80 kwa muoka keki. Damu imepoa mpaka kwenye ubongo.

MtuWaMoshi:
Mtu wa Makete kulilia maji baridi ni aibu ya mkoa mzima.

Mpangaji_Mpole:
Wewe una fundi, shukuru. Mwenye nyumba wangu namdai boila tangu Novemba. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 inamtaka atengeneze, yeye kaniletea ndoo. Tena ndoo yenyewe ina ufa.

Atoti_wa_Umoja:
Nyinyi wa majuu mna raha. Sisi Nairobi shawa ya umeme inakupiga shoti ukishika koki. Nafunga kwa kuvaa kandambili na kijiti cha mwiko. Siku tokeni zikiisha katikati ya sabuni, utajua hujui.

Bint_Muscat:
Shida zenu ni za kinyume. Huku kiangazi tangi liko juu ya paa, bomba la "baridi" linakubabua mgongo. Tunazima hita, tunaoga kwa bomba la moto, maana maji yaliyolala ndani ya hita ndiyo yenye ubaridi.

MtuWaMoshi:
Subiri kwanza. Bomba la moto ndilo la baridi?

Bint_Muscat:
Ndiyo. Mgeni tunamwelekeza mlangoni kabla hajaungua.

Atoti_wa_Umoja:
Hiyo ni uongo.

Mzee_wa_Ruwi:
Si uongo, nimeishi huko. Ukienda msalani mwezi wa 6 saa 8 mchana bila kuelekezwa, utatoka unakimbia.

BabaMbili_Barking:
Wakuu, nimezima rejeta nikafungua bomba. Bomba la rejeta limebaki baridi. Kwa hiyo ni chokaa? Mama mkwe kanipikia supu ya pweza, anasema inarudisha damu.

MtuWaMoshi:
@Bint_Muscat na tangi mkilipaka rangi nyeupe?

Shangazi_wa_Leicester:
Pweza kampata wapi Barking? Mwulize anauza kilo bei gani.