Nina CPL (leseni ya rubani wa kibiashara) na masaa 230, kampuni za mizigo zinataka 1,000: nilipie siti ya kulia (ya rubani msaidizi) au nisomee ukufunzi?

KijanaWaTororo

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa walioko kwenye mambo ya anga hapa Uganda na kwa majirani.

Nilimaliza mafunzo mwaka jana. Nina CPL ya UCAA (mamlaka ya anga ya Uganda), nimeruhusiwa injini mbili na kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje), na logibuku yangu (daftari la saa za kuruka) inasoma masaa 230. Tangu shule nilitaka mizigo, siyo abiria. Tatizo ni kwamba kila tangazo ninaloona, liwe la Entebbe, Wilson (Nairobi) au Juba, linaanzia masaa 1,000, mengine 1,500, halafu chini wanaongeza 500 za turbini na "mwenye uzoefu wa Caravan atapewa kipaumbele" (ile ndege ndogo ya Cessna ya injini moja ya turbini). Huo uzoefu nitautoa wapi kama hakuna anayenipa siti?

Mezani nina njia mbili. Ya kwanza ni kusomea ukufunzi na kutafuta shule ya kufundisha. Ya pili, kuna kampuni moja ya mizigo (jina naliacha) inasema nikitoa dola elfu kumi na kitu watanikalisha siti ya kulia kwenye Caravan kwa masaa 200, bila mshahara. Mjomba amekubali kuuza kipande cha shamba, ila kwa sharti nisikie kwanza wenye uzoefu wanasemaje. Halafu mtandaoni nimesoma kwamba mizigo mtu anaanza na 1,200 tu, wengine hata 500. Mbona huku kwetu kila kampuni na namba yake?

Nisaidieni kabla shamba halijaenda.

Bodaboda_Elgon

Mimi masaa yangu ya boda hayahesabiki na hakuna kampuni iliyowahi kuniita Entebbe. Nakaa pembeni hapa nisome wakubwa.

Upepo_wa_Kaskazini

Mdogo wangu, hizo hela zishike kwanza. Mimi narusha Caravan upande wa Sudan Kusini, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Ukikaa kulia wakati hakuna sheria wala kibali cha kampuni kinachodai rubani wa pili, kisheria wewe ni mzigo unaopumua. Utashika usukani, utaongea na Entebbe kwenye redio, utajifunza mengi kweli, lakini saa hizo huna mahali halali pa kuziandika.

Na hata pale mamlaka inapodai rubani wa pili, soma Kiambatisho cha 1 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga). Kwa ndege ya rubani mmoja inayotakiwa kuwa na wawili, unapoomba leseni ya juu unahesabiwa si zaidi ya nusu ya saa zako za urubani msaidizi. Mamlaka inaweza kukuhesabia zote kama ndege ina vifaa vya marubani wawili na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Kwa hiyo 200 unazouziwa zinaweza kuwa 200, zinaweza kuwa 100, zinaweza kuwa sifuri. Muulize anayekuuzia ni zipi, na akujibu kwa maandishi. Ukiona anazungukazunguka, jibu umeshapata.

Mkadiriaji_KLA

Niko upande wa bima, Kampala. Nijibu lile la "kila kampuni na namba yake".

Watu wengi wanafikiri 1,000 imetoka UCAA. Haikutoka huko. Kwa CPL viwango vya ICAO ni saa 200, au 150 kama umesoma kozi iliyoidhinishwa moja kwa moja. Ukishaipata, kisheria unaruhusiwa kulipwa kwa kurusha. Hayo mengine ni sisi, pamoja na wateja wa kampuni.

Mwenye ndege anapokuja kukata bima anajaza fomu ya marubani wake. Tunauliza jumla ya saa, saa za urubani mkuu, saa kwenye aina hiyo ya ndege, alizoruka siku 90 zilizopita, na ajali kama zipo. Rubani akiwa chini ya kiwango, ama ada inapanda, ama jina lake halikubaliwi kabisa. Meneja anaweza kukupenda kama mwanawe na bado asiweze kukuweka. Juu ya hapo kuna mikataba: ukibeba mizigo ya mashirika ya misaada, mteja naye ana viwango vyake vya wafanyakazi wa ndege, na mara nyingi ni vikali kuliko vyetu.

Kwa hiyo ukipiga simu kwenye kampuni usiulize tu "mna nafasi?" Uliza: bima yenu inakubali rubani msaidizi wa saa ngapi, na kwenye ndege ipi? Utashangaa. Kampuni yenye ndege zinazohitaji marubani wawili kwa sheria wakati mwingine inamchukua msaidizi wa saa chache kuliko ile ya Caravan inayotaka mtu wa kuruka peke yake.

BintiKajjansi

Mimi ni mkufunzi, nitasema bila kupamba.

Mshahara ni mdogo. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, unakunywa chai na wanafunzi mnaangalia mawingu. Avgas (petroli ya ndege) ni ghali na kuna wakati inakosekana, na ndege nyingi ndogo za pistoni hazinywi mafuta ya Jet A-1 ambayo yanapatikana kirahisi. Kuna wiki unaruka kila siku, kuna wiki hujagusa ndege.

Lakini kila saa unayofundisha unaiandika kama rubani mkuu. Hakuna wa kukugawia nusu, hakuna wa kukuuliza kibali. Na kufundisha kunakunoa: mwanafunzi akivuta usukani vibaya futi mia mbili kutoka ardhini, ndipo utajua kama ulielewa ulichofundishwa.

Ubaya wake ni mmoja, na wakufunzi wengi hawausemi. Unaweza kufundisha mpaka saa 800 na 600 kati ya hizo ni kuzunguka uwanja uleule: ruka, geuka, tua, ruka tena. Kwa hiyo ukipata shule, pigania safari. Mwanafunzi wa Kajjansi anayekwenda Soroti au Kasese, mwombe mkufunzi mkuu akupe wewe. Masomo ya usiku wenzako wakiyakimbia, chukua wewe.

Upepo_wa_Kaskazini

Dada yuko sahihi, ila naongeza pilipili. Saa 1,000 za pistoni bado hazijibu lile sharti la turbini. Usifundishe miaka na miaka ukidhani jumla peke yake itafungua mlango. Ukifika 500 au 600, anza kugonga milango ya ndege za watalii: zile zinazopeleka watu Kidepo, Kihihi kwa wanaokwenda kuona sokwe Bwindi, na Kasese. Ni Caravan hizohizo. Wengine huvuka wakaenda Arusha na mbuga za Tanzania, na wenye moyo hubeba begi mpaka Maun, Botswana, mji unaojulikana kwa kuwapa marubani wa saa chache kazi ya kwanza kwenye ndege ndogo za delta ya Okavango. Kule unakwenda mwenyewe, unazunguka na CV yako mkononi, unasubiri. Si kwa kila mtu, maana pesa ya kula inaisha kabla ya kazi kufika.

Najua unataka mizigo, siyo abiria. Chukua abiria kwanza.

Mzee_Antena

Nimesoma nyote, mmesema vizuri. Mimi ni mstaafu, nilipita Soroti, shule iliyofunguliwa 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili kwa muda mrefu, basi nikuambie tunavyofanya.

Kwanza hizo 1,200 na 500 ulizosoma. Ni sheria za Marekani, za kampuni ndogo za kukodi. Huko rubani mkuu wa safari za kuona kwa macho anatakiwa saa 500, zikiwemo 100 za safari za mbali na 25 kati ya hizo usiku. Wa kuruka kwa vyombo anatakiwa saa 1,200, ndani yake 500 za safari za mbali, 100 za usiku na 75 za vyombo. Kule kijana anabeba vifurushi usiku peke yake kwenye Caravan na ndiyo ngazi yake ya kwanza. Zile kampuni kubwa za mizigo zenye majeti ni habari nyingine: tangu 2013 hata rubani msaidizi lazima awe na leseni ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida ni saa 1,500. Na yote hayo yanahitaji leseni ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) na haki ya kufanya kazi Marekani. Usiyachanganye na ya kwetu.

Ya kwetu, tazama ATPL, ndiyo hiyo leseni ya juu kabisa ya rubani, maana huko ndiko unakokwenda. Jumla ni saa 1,500. Ndani yake kuna 250 za urubani mkuu, na sehemu yake inaweza kuwa ukiwa chini ya usimamizi mradi 70 ziwe zako kamili. Kuna 200 za safari za mbali, 75 za vyombo, 100 za usiku. Mtu anaweza kufika 1,500 na bado asistahili kwa sababu safu ya usiku ina 30. Nimewaona.

Ndiyo maana kijana akiniletea logibuku siangalii jumla. Nafungua ukurasa wa mwisho, naweka kidole kwenye safu ya usiku, nateremka. Halafu vyombo. Halafu rubani mkuu. Kisha narudi nyuma kurasa kama kumi natafuta mwezi ambao saa zimejaa ghafla, kila safari ni 2.0, 3.0, 2.5, namba za mviringo, mwandiko mmoja, wino mmoja, kana kwamba imeandikwa jioni moja. Ndege halisi haitoi namba za mviringo siku zote, inatoa 1.3, 0.9, 2.2. Hizo tunaziita saa za kalamu. Nikishuku, nachukua usajili wa ndege na tarehe, naomba daftari la kiufundi la ndege hiyo. Nimewahi kukuta siku "aliyoruka" saa tatu, ndege ilikuwa hangani imevuliwa propela.

Hiyo kampuni yako ikikwambia "usijali, sisi tutakupigia muhuri", ujue muhuri haubadilishi kilichomo kwenye daftari la ndege.

Shehena254

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kupakia na karatasi za uzito hapo Entebbe, kwa hivyo marubani nawaona kutoka chini.

Kuna kijana mmoja alilipa mpango kama huo wako. Akaruka kidogo, ndege ikaingia matengenezo, kipuri kikangojwa, yeye akawa anakuja kila asubuhi na shati lake jeupe anakaa ofisini. Pesa haikurudi kwa sababu mkataba ulisema "hadi masaa 200", haukusema lini. Hilo neno "hadi" lisome mara mbili.

Ushauri wangu mwingine: usidharau kazi ya chini. Kampuni za mizigo huhitaji watu wa kupanga safari, kuhesabu uzito na mizani, kufuatilia vibali vya kuingia Juba au Bunia. Ukiwa pale, siku rubani msaidizi akiugua au akipata kazi kwingine, jina lako liko karibu. Pia utaujua mzigo wenyewe. Vijana wengi wanafikiri ni kuruka tu, kumbe ni kusubiri lori la minofu ya samaki lililokwama Abayita Ababiri huku barafu inayeyuka na muda wako wa kazi unakwisha.

KijanaWaTororo

Asanteni sana, wazee na ndugu zangu. Nimerudi na majibu.

Niliwauliza kwa maandishi: je, kitabu chenu cha uendeshaji kinadai rubani wa pili kwenye Caravan? Wakajibu kwa simu, siyo maandishi, kwamba "kwa mzigo siyo lazima, lakini tutakuandikia barua". Nilipomsomea mjomba ujumbe wa Mzee_Antena kuhusu propela alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema shamba libaki. Kozi ya ukufunzi atachangia, ni hela kidogo kuliko ile.

Mzee, safu yangu ya usiku ina masaa 6. Swali la mwisho: nikiandika muda wa safari, nichukue wa saa ya Hobbs (mita ya saa iliyomo ndani ya ndege) au nipige hesabu mwenyewe? Shuleni kila mkufunzi alikuwa na lake.

BintiKajjansi

Sita! Ukianza kufundisha niandikie humu, wanafunzi wa usiku hawakosekani, wakufunzi ndio wanakosekana.

Mzee_Antena

Muda wa kuruka ni tangu ndege inapoanza kusogea ikiwa na nia ya kupaa, hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari. Hobbs ya ndege nyingi huanza kuhesabu mara injini inapowaka, kwa hiyo zile dakika ulizosimama unapasha injini na kusoma orodha ya ukaguzi zimo ndani yake na si zako. Andika muda wa kusogea na wa kusimama kwenye karatasi ya gotini, utoe mwenyewe. Na jumla ya chini ya ukurasa iandike kwa penseli kwanza mpaka uhakikishe.