Mfululizo mpya katika ulimwengu ule ule: nimfuate Mwanaesha au nimwache?

Mwandishi wa Langoni, Lamu

Assalaam aleikum, ndugu waandishi na wasomaji. Kwa miaka minne nimekuwa nikiwaandikia vijana hadithi ya kubuni ambayo sasa imefika vitabu vitatu, nikiituma sura kwa sura katika kundi la WhatsApp kabla ya kuipiga chapa. Mhusika mkuu ni Mwanaesha, binti wa fundi wa majahazi wa Matondoni, ambaye huyasikia majahazi yakisema kupitia yale macho ya mbao yanayogongomewa omoni. Kanuni ya ulimwengu huo ni moja tu: jicho lisipopigiliwa misumari saba na mkono wa yule aliyelichonga, chombo hubaki bubu, na kila chombo kinaposema, mchongaji husahau jambo moja la maisha yake. Kitabu cha tatu kilikwisha pale baba alipolisahau jina la bintiye, naye binti akaing'oa misumari yote saba.

Niliamini kuwa nimemaliza, lakini wasomaji hawakubali, na kila wiki naulizwa kitabu cha nne kitatoka lini. Nina njia mbili. Ya kwanza ni kumwendeleza Mwanaesha akiwa mtu mzima. Ya pili ni kurudi nyuma mpaka zama za mitepe, vile vyombo vya kale vya baharini vya pwani yetu, kisiwani Pate, nikaanza upya na watu ambao hakuna anayewajua. Ile ya kwanza inanitia hofu ya kuwa kama mpishi anayeongeza maji katika mchuzi ule ule kila mgeni anapobisha hodi, na ile ya pili inanitia hofu ya kubaki bila mgeni hata mmoja. Naomba ushauri.

Mwalimu wa Malindi

Waaleikum salaam, dada. Mimi ningemwacha Mwanaesha, ila nisingeufunga mlango. Tazama alivyofanya Rick Riordan wa Marekani, ambaye mfululizo wake wa kwanza wa vitabu vitano ulianza mwaka 2005 ukaisha mwaka 2009. Mwaka uliofuata alianza mwingine katika ulimwengu ule ule, lakini kitabu cha kwanza akakifungua kwa kijana mgeni aliyepoteza kumbukumbu, huku Percy, shujaa wa zamani, akiwa ametoweka na kila mtu akimtafuta. Msomaji wa zamani alisoma kwa hamu ya kumpata mwenzake, na katika kumtafuta huko akajikuta amewazoea wageni.

Mwandishi mwingine, Leigh Bardugo, alikwenda mbali zaidi. Trilojia yake ya kwanza ilikwisha mwaka 2014, na mwaka 2015 alihama nchi na tabaka, kutoka kwa msichana mwenye nguvu ya nuru hadi kwa genge la wezi katika mji wa bandari. Hata usimulizi aliubadilisha: kule Alina, yule msichana wa nuru, alikuwa akijisimulia mwenyewe karibu hadithi nzima, na huku wahusika kadhaa wanapokezana sura. Nadhani hilo la pili lina uzito kuliko kubadilisha mji, kwa sababu msomaji hana sauti ya zamani ya kuilinganisha na mpya.

Wala si lazima twende ng'ambo. Katika utendi wa Fumo Liyongo, sote tunamjua Saada, mjakazi aliyempelekea Liyongo gerezani mkate wa kumvi wenye tupa ndani yake, huku walinzi wakichukua mikate mizuri na kumwachia ule waliouona haufai. Liyongo akatoka, na masimulizi yakamfuata yeye. Kila ninapoufundisha utendi huo huwa kuna mwanafunzi anayeuliza Saada aliishia wapi, nami sina jibu. Mtafute Saada wako.

Msomaji wa Shela

Shikamoo, shangazi. Mimi ni mmoja wa hao wanaokuuliza kila wiki, na ninakiri kuwa tunachokitaka si lazima kiwe Mwanaesha. Tunataka kurudi kule tu. Ila ninaomba jambo moja: usimrudishie baba kumbukumbu zake katika vitabu vipya ili kutufurahisha. Nililia kwa ajili ya ule mwisho, na ukiutengua nitaona kuwa nilidanganywa.

Mtu wa Faza

Mwanangu, vitabu vya Wamarekani sivijui, lakini mtepe ninaujua kwa masimulizi ya babu zangu Wabajuni. Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Sasa wewe umesema kuwa jicho halisemi mpaka lipigiliwe misumari saba. Je, mitepe yako itakuwa bubu, au ina kanuni yake? Usiiandike sura ya kwanza kabla hujalijibu hilo, kwa maana wako wazee watakaokuuliza kabla ya watoto. Uende pia Jumba la Makumbusho hapo Lamu uutazame mfano wa mtepe, ujionee jinsi kamba zinavyopita katika matundu.

Mwandishi wa Langoni, Lamu

Mzee wangu, swali lako limeninyima usingizi. Nilikuwa ninauona msumari kama pambo la hadithi, kumbe ndiyo hadithi yenyewe. Msumari hupigwa na mtu mmoja, ndiyo maana baba yake Mwanaesha alisahau peke yake. Lakini chombo kilichoshonwa kimepita katika mikono ya wengi, tangu wanawake waliofukia makumbi ufukweni, wakayaponda na kuyasokota kamba, hadi mafundi waliokishona. Kwa hiyo mtepe unaposema, mji mzima husahau kidogo kidogo, na hakuna anayejua nani amepoteza nini.

Mwalimu, Saada nimempata: ni msokotaji kamba mmoja ambaye hasahau, na watu wameanza kumshuku. Nitawapa sauti wasimulizi watatu, wala hakuna hata mmoja atakayelitaja jina la Mwanaesha, maana bado hajazaliwa. Na wewe mwanangu wa Shela, ondoa shaka, baba hatapona.