Tupeane uzoefu: udongo wa kuchezea watoto, wa kupika nyumbani

Wazazi wenzangu habari za jioni. Mvua hizi watoto wako ndani kutwa nzima na mimi tv nimezima, kwa hiyo nawapikia udongo wa kuchezea. Kipimo changu ni unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kula vijiko vikubwa 2 na ndimu moja naikamua. Vyote ndani ya sufuria kabla hujawasha jiko, koroga mpaka mabonge yaishe ndo uweke moto mdogo, na mwiko usitoke mkononi. Mwanzo unaona uji tu, baadae unaanza kushika, ukiona umejikusanya bonge moja na sufuria imebaki safi pembeni epua, ukipoa kidogo kanda kama wa chapati. Nyie mnafanyaje?

Mama Mapacha: Mimi rangi za dukani nimeacha. Njano naweka manjano ya kupikia (inang'ang'ania nguo jamani, wavalisheni za zamani), pinki nachemsha choya nayatumia yale maji yake badala ya maji ya kawaida, na ndimu inasaidia rangi isififie.

Mwalimu wa awali, Moro: Darasani sina jiko, nachanganya unga na chumvi halafu namwagia maji ya moto ya chupa ya chai, nakanda mwenyewe, watoto wasisogee mpaka upoe. Wanaviringisha nyoka, nyoka tunamkunja anakuwa herufi, vidole vinapata nguvu za kushika penseli. Nina mtoto alikuwa hataki kabisa kuandika, siku hiyo akafinyanga ng'ombe, miguu njiti za kiberiti, nundu kaibandika mwisho kwa kidole gumba, akazunguka darasa zima kumuonyesha kila mtu. Nilifurahi sana. Na hata Play-Doh yenyewe, ule udongo wa kuchezea wa dukani, ilianza kama kitu cha kufutia masizi kwenye karatasi za ukutani huko Cincinnati, Marekani, ni mwalimu wa chekechea Kay Zufall ndo aliwapa watoto wakachezea, ikaja kuuzwa kama mchezo 1956.

Mama K: Wenye watoto wasiopatana na ngano kuweni makini, hata hiyo ya dukani ina ngano ndani. Mimi natumia unga wa mchele na konstachi, unakatika katika kidogo lakini mtoto anacheza na mimi nina amani.

Baba Jr: Na ile chumvi ni nyingi sana, anayebeba kila kitu mdomoni msimpe. Mbwa pia asiufikie, akila mwingi unamdhuru vibaya. Swali, huku Tanga wangu unatoa jasho unanata mikononi, nifanyeje?

Mwenye mada: Baba Jr, ni joto la pwani, chumvi inavuta unyevu wa hewani. Usiutupe, nyunyiza unga kidogo ukande tena, halafu weka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Ila ukianza kunuka au kuota ukungu mwaga, pika mwingine.